Gitaa Jekundu la Khalil

Khalil Nasor alikuwa na magitaa mawili ya umeme ambayo hayakuwahi kuona harusi. Moja jekundu, la solo. Jingine rangi ya maziwa, la rithim. Kwenye kumbi alipiga magitaa ya kuazima, lakini hayo mawili yalikaa studio kwa Hafidhi, ghorofa ya tatu, mtaani kwetu Gerezani, na yalikuwa ya kurekodi tu. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba ukumbini kuna jasho, bia, na walevi wanaotaka kushikashika. Sababu nyingine hakuisema, ila wote tuliijua. Mama yake, Bi Mauza, hakutaka gitaa nyumbani kwake. Wao ni watu wa asili ya Uarabuni, watu wa duka na msikiti, na kwa Bi Mauza kijana wake alikuwa muuza taa za magari, basi. Kijana mwenyewe kashavuka hamsini.

Mimi ni Kuruthumu. Duka langu la vioo vya magari limepakana na lake, chini ya ile studio, na kwa Hafidhi nilikuwa naitikia kwenye nyimbo za watu. Kwa hiyo nilimjua Khalil wa dukani na Khalil wa studio, na hawakufanana hata kidogo. Dukani mteja akimtukana, anamtazama tu. Akishika lile jekundu, anacheka peke yake. Kuna nyimbo mmezicheza harusini, na ule mlio mwembamba unaoingia mwimbaji akinyamaza ni wake. Jina lake halikutajwa popote, wala hakujali. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika kwa niaba yake.

Mwaka jana Bi Mauza akataka kwenda hija, na wa kumsindikiza ni Khalil peke yake. Kabla ya safari Khalil akafanya kama wafanyavyo mahujaji wote, akazunguka kuomba radhi. Alianza na majirani, akaja kwetu madukani, akamalizia studio. "Nisameheni kwa nililowakosea, nilijualo na nisilolijua." Mimi nilimsamehe, ingawa sikumbuki kosa zaidi ya kunimalizia chai. Hafidhi alimkumbatia mpaka machozi yakamtoka yeye mwenyewe, na machozi yale ndiyo yaliyoharibu mambo.

Hafidhi alibaki akiamini kwamba Khalil ameuaga muziki moja kwa moja. Kwa fikra zake, mtu hatoki Maka akaja kukung'uta gitaa, ila anaona haya kulisema. Akaona amtue mzigo. La rangi ya maziwa akaipa kwaya moja ya Buguruni, jekundu akampa kijana aitwaye Safari, mpigaji anayekuja juu sasa hivi. Hakumuuliza mtu. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye wema.

Huko Maka, hija ilipokwisha kukamilika, Bi Mauza alilala na hakuamka. Akazikwa hukohuko, na Khalil akarudi peke yake na mabegi ya watu wawili. Sasa sikia mtaa wetu. Badala ya pole, hongera! "Hija makbuli, Alhaji! Mama kazikwa Maka, bahati iliyoje, sie tutaipata wapi?" Najua wanamaanisha nini, na kwa imani yangu nami nasema ni heri. Lakini mtu kafiwa na mama yake! Hakuna aliyempa nafasi ya kulia, naye hakulia. Kila aliyempongeza alimjibu "Alhamdulillahi" kwa sauti ileile, kama anataja bei ya taa.

Alipofungua duka nikamuuliza anaendeleaje.

"Sisikii kitu, Kuruthumu. Si huzuni, si furaha. Nimemzika mama, nikanawa mikono, nikaenda kupanga foleni ya basi. Mpaka leo niko vilevile." Akatazama juu kwenye madirisha ya studio. "Labda nikipiga kidogo, kitakuja."

Ilinibidi nimwambie magitaa hayapo. Akasema, "Sawa." Sawa! Ningekuwa mimi, Gerezani nzima ingenisikia. Nikampandia Hafidhi ngazi kwa niaba yake.

"Dada Kuru, si aliniaga?" akajitetea. "Mpaka akalia."

"Uliyelia ni wewe!"

Siku ya pili Safari akaletwa studio, gitaa amelishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Alhaji. Mi sikujua, mzee. Niliambiwa umestaafu. Lichukue."

"Marahaba," akasema Khalil, akalipokea, akakaa, akapiga.

Vidole vilikwenda vyenyewe, na hapakuwa na kosa. Hafidhi alifumba macho kwa raha. Mimi nilikuwa nautazama uso wa Khalil, nao ulikuwa uleule wa dukani. Basi la mwendokasi lilipopita chini na sakafu kutetemeka, akaacha katikati na hakuendelea. Iliniuma kuliko kama angekosea.

Akamrudishia Safari. "Kaa nalo. Nitakuwa nakuja Jumamosi kukusikiliza. Siku nitakayosikia kitu, nitalichukua."

Hafidhi akaanza kufuta macho tena. Nikamwambia akome, machozi yake yameshatutosha.

Tangu hapo kila Jumamosi Khalil akifunga duka anapanda. Safari anapiga, akimaliza anamtazama, na Khalil anasema, "Bado." Kisha anavaa viatu anaondoka. Nimeshamwona Safari akibadilisha nyimbo, akibadilisha nyuzi, akipunguza mlio, akiuongeza. Anataka kunyang'anywa gitaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Jumamosi iliyopita alipiga polepole, bila mwimbaji, bila ngoma. Nikamkumbuka Bi Mauza anavyopita mbele ya duka langu na buibui lake, ananiuliza kama nimekula. Nilishindwa kujizuia, nikatoka kwenda kulia ngazini. Niliporudi, Khalil alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani.

"Bado," akamwambia Safari.

Halafu akaniangalia macho yalivyonivimba. "Umemlilia mama yangu?"

"Nimemlilia."

"Ahsante," akasema. "Alikuwa hajaliliwa na mtu."