Bangili za Mama Mkwe Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Lakini ya siku ile ilikuwa hofu tupu, na hofu yenyewe niliitengeneza kwa mdomo wangu.

Nilikuwa fundi umeme hapa Tabora, zama za Mwingereza. Mwenye hoteli mmoja pale Gongoni alitaka bango la chuma lenye taa, juu ya nguzo ya chuma, kando ya barabara. Kanuni za serikali hazikuwa na mchezo: bango kama lile na nguzo yake lazima vifungwe waya wa shaba unaoshuka hadi kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini, ili umeme ukivuja ukimbilie udongoni, usimngoje mtu. Mkaguzi akaja, akapima, akatia saini. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Chini ya nguzo ile ndipo mama mkwe wangu alipouzia karanga. Magoti yalimsumbua, kwa hiyo kila akitaka kuinuka alishika nguzo. Yeye na wenzake waliuogopa ule waya mtupu ulioshuka mpaka chini. Kwetu Unyamwezini mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake uso kwa uso, sembuse kumgusa; wakikutana njiani, mmoja hujifunika na kupisha. Basi nikamtuma mke wangu akawaambie wasihangaike, waya ule hauna umeme, hauna kazi yoyote. Uongo haukuwa lengo langu. Nilichoka tu kueleza.

Kiangazi kikielekea mwisho, mchana mmoja mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake na bangili mpya mkononi. Bangili za waya wa shaba si ajabu kwetu, tangu enzi za misafara watu wamejipamba nazo. Nikamwambia imempendeza. Kisha nikaushika mkono wake na kuangalia vizuri. Nyuzi saba zilizosokotwa, na mahali pamebonyea. Koleo langu lilikuwa na jino lililopinda, na alama yake naijua hata gizani.

Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema mama yake alimpelekea fundi wa bangili kipande cha waya, akatengenezewa nne, tatu zake na moja ya bintiye. Waya gani? Ule wa pale nguzoni, usio na kazi.

Kwa kawaida taa za bango ziliwashwa magharibi, mama ameshaenda zake. Lakini mwenye hoteli yule alikuwa mtu wa kujionyesha, wingu likitanda tu anawasha hata saa tisa mchana. Na nje wingu la mvua ya kwanza lilikuwa limeshafunga anga. Udongo ukilowa, mtu akashika chuma chenye umeme, basi tena. Nikatoka mbio. Njiani nikajiambia labda bango halivuji. Na je, likivuja? Ee Mungu wangu, nitamwambia nini mke wangu?

Nilifika matone yakianza kuanguka. Bango linawaka. Mama ameshafunga karanga zake, anajiandaa kuinuka. Nikasahau adabu zote nikapaza sauti.

"Mama, usishike nguzo!"

Alitambua sauti ya mkwewe, maneno hakuyasikia. Akafanya alichofundishwa tangu usichana: akavuta kanga usoni, akageuka, akataka kuondoka upesi anipishe. Na ili aondoke ilibidi ainuke. Mkono ukaenda kwenye nguzo.

Nikamrukia. Tukaanguka wote wawili kwenye vumbi, karanga zikatapakaa, na Gongoni nzima ikasimama kumtazama mtu aliyemkumbatia mama mkwe wake barabarani. Mmoja akasema nimerogwa, mwingine akasema ni pombe. Mama alikuwa analia ndani ya kanga kwa aibu.

Nilichukua globu hotelini, nikaifunga nyaya mbili, mmoja nikaugusisha kwenye nguzo, wa pili kwenye bomba la maji. Globu ikawaka. Watu wakarudi nyuma. Mwenye hoteli akakimbia mwenyewe kuzima swichi.

Jioni mke wangu alikwenda kumtazama mama yake, akarudi na bangili tatu ndani ya kitambaa. Akavua na yake, akaziweka zote mbele yangu. Nikamuuliza kama mama amenikasirikia. Akasema hapana, ila ametuma neno.

"Anasema waya hakuuiba. Mkwe wake ndiye aliyemwambia hauna kazi."