Kinyaa cha Mama Klara

Katoro nzima inamjua Vumilia, yaani Mama Klara, kwa kinyaa chake. Hanywi maji kwa kikombe cha mtu, msibani anakwenda na kijiko chake mkobani, na mgahawani kwake mteja akipenga kamasi karibu na chapati anatolewa nje, awe mchimbaji, awe tajiri wa dhahabu. Watu wanamcheka. Yeye anaona wao ndio wa kuchekwa, wanaokula kwa raha zao huku nzi wanatembea ukingoni mwa sahani.

Mumewe, Wiliam, alikuwa anashuka duarani, shimo la dhahabu, pamoja na mdogo wake Davis. Mwaka jana kifua kikaanza kumbana. Akipanda ngazi za duara kinabana, akikaa kinaachia. Davis akasema ni vumbi la karasha tu, zile mashine za kusaga mawe. Vumilia hakumsikiliza, akampeleka mumewe hospitali Mwanza. Daktari akawaeleza kwamba huenda mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, na njia ya kuiona bila kumpasua ni CT scan, dawa ikipitishwa kwenye damu ili mishipa ionekane vizuri. Ila asinywe kahawa, chai wala vinywaji vya enaji tangu siku moja kabla. Moyo ukienda mbio, picha inatoka na ukungu.

Siku ya kipimo Davis aliwasindikiza. Sasa, mashimoni kuna mtindo wao: mtu hashuki kabla hajagida enaji mbili za haraka, apate ujasiri. Vumilia alipokwenda dirishani kuulizia zamu yao, Davis akamwona kaka yake anatetemeka, akamvuta pembeni karibu na vyoo, akampa makopo mawili.

"Piga, kaka. Unaingia kwenye tundu la mashine, unaingiaje mkavu?"

Moyo ukaanza kumdunda hadi shati likacheza. Muuguzi akampa dawa ya kuutuliza, wakangoja, wapi. Daktari akaona heri waahirishe, warudi wiki inayofuata. Vumilia aliyaona makopo kwenye pipa la taka, na mdomo wa mumewe ulinuka utamu wa enaji, kama dawa ya kikohozi. Akatema mate chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele za watu.

La kuchefua zaidi lilikuwa linamngoja Katoro. Davis alishatangaza kwamba mashine imemkataa kaka yake. Na kwa ndugu zao, ugonjwa uliokataliwa na mashine si wa hospitali, ni wa kutupiwa na wachawi. Kesho yake akaletwa mganga kutoka Tinde, kucha nyeusi, ugoro umemkaukia masharubuni. Akamchanja Wiliam kifuani kwa wembe alioufutia kwenye suruali yake, akabandika pembe, akaifyonza huku mate yakimchuruzika. Alipoitoa, akatema donge jekundu lenye utelezi kwenye sahani. Sahani yenyewe ya mgahawa wa Vumilia.

"Hiki ndicho kilichoziba," akasema.

"Wabeja, baba, wabeja!" Davis akamshukuru, na ndugu wote wakapiga makofi.

Hao Vumilia angewavumilia. Kilichomkata maini ni Wiliam, ambaye alivuta pumzi ndefu, uso ukamchangamka, akasema, "Nimekuwa mwepesi, Mama Klara. Kesho nashuka duarani."

Vumilia alijua kwamba akishuka, watampandisha kwa kamba akiwa maiti. Akalitazama lile donge. Kisha yeye, ambaye hashiki hata noti ya mchimbaji bila kunawa, akalichukua kwa mkono mtupu, akaunyakua wembe wa mganga, akalipasua. Zikamwagika punje za mahindi na vichangarawe.

Ilikuwa firigisi ya kuku.

"Baba Klara, tazama," akasema. "Moyo wako unadonoa mahindi?"

Mganga akaanza kukusanya pembe zake, akinung'unika kwamba mwanamke ameharibu dawa. Wiliam aliitazama firigisi, kisha akavaa shati lake. Kesho yake hakushuka.

Wiki iliyofuata alilala kwenye mashine akiwa amekunywa maji matupu, akabana pumzi alipoambiwa, na picha ikatoka safi. Mshipa mmoja mkubwa wa moyo ulikuwa umebana, njia ya damu imebaki kama uzi. Daktari akasema mtu wa hivyo hapandi ngazi hata za ghorofa moja, sembuse za duara. Akalazwa asubiri kuzibuliwa.

Vumilia alikuwa bado ananawa. Sabuni, majivu, ndimu, na bado aliisikia ile harufu kiganjani. Davis akaingia wodini anachekacheka, kopo limetuna mfukoni.

"Shikamoo, shemeji," akanyoosha mkono.

"Marahaba."

Vumilia akautazama mkono wa Davis, akautazama na wake ulioshika firigisi. Akauficha wake nyuma, usije ukachafuka.