Ng'ombe Wanene wa Jirani

Juzi nilikuwa ofisi ya misitu Ushirombo, nikisubiri kibali cha mizinga ya nyuki ya shangazi, mfugaji mmoja alipoingia na kuegemeza fimbo yake kwenye kaunta.

"Shikamoo baba," alisema ofisa misitu, binti wa rika langu.

"Marahaba, mwanangu. Jirani yangu anachunga ndani ya hifadhi ya serikali. Mkamkamate."

"Umewaona ng'ombe wake humo?"

"Sijawaona. Lakini kiangazi chote hiki wa kwangu wamebaki mbavu, wa kwake wanang'aa! Wanakula wapi?"

Ofisa aliweka kalamu chini. "Baba, ngitili unayo?"

Ngitili ni kipande cha malisho ambacho kwetu mtu hukifunga masika, majani na miti ikue, akifungue kiangazi kikikaza.

"Ninayo. Niliifungua mapema."

"Na jirani?"

Mzee alijikuna shingo. "Yeye... kaifungua majani ya nje yalipokwisha."

Tuliokuwa kwenye foleni tulicheka. Mzee hakucheka. Serikali inajua kulinda msitu wake kwa vigingi na doria, ila sijui itaweka askari gani kati ya jicho la mtu na zizi la jirani yake.

"Kamwombe majani, ng'ombe wako wasife," ofisa alimwambia taratibu. "Hayo mengine mimi sijayasikia."

Mzee alichukua fimbo yake. Alipofika mlangoni akageuka, sauti imeshuka.

"Mwanangu, akiniuliza natokea wapi, nimwambie nini?"