Lori Lililovuka Mpaka kwa Ufasaha

Nakiri mapema, kabla wengine hawajawasimulia kwa kutia chumvi: aibu iliyonipata katika yadi ya Mama Neema pale Tunduma niliitengeneza mwenyewe, kwa mkono wangu, na kwa mwandiko mzuri.

Mama Neema ana ofisi ya uwakala wa forodha, na alikuwa akitafuta karani wa kuandika barua na maombi ya vibali, kwa kuwa karani aliyetangulia alikuwa ameondoka (kwa nini aliondoka sikuuliza, msomi wa hadhi yangu hajishughulishi na mambo madogo). Akaniomba nitunge mtihani wa kusahihisha sentensi: kila swali liwe na sentensi mbili, mtahiniwa achague iliyo sahihi. Nami, niliyefundisha Kiswahili hadi kustaafu bila kukosolewa na mtu yeyote aliye hai, niliamua jambo moja dogo tu, kwamba majibu nitayachagua kwa sikio, sentensi yenye mizani nzuri ndiyo iwe sahihi, na maana ijitafutie nafasi yake.

Siku ya matokeo niliomba nisimame nje, yadini, nisome alama kwa sauti mbele ya watahiniwa na madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao. (Hakuna aliyenilazimisha.) Nafasi ilikuwa moja, na binti mmoja wa Ikinga, Atupele, aliyekuja na begi lake la nguo kwa matumaini ya kubaki, aliikosa kwa alama moja. Akanyoosha mkono, akaniamkia, akasema haoni kosa lake katika swali la saba.

Nilimjibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, kwamba alichagua sentensi ya sokoni: "Dereva ataomba kibali cha kuingia Zambia, halafu atavuka mpaka na kushusha mzigo." Kisha, ili yadi nzima ifaidike, nikamwagiza asome ile niliyoipenda mimi, taratibu, muziki wake usikike.

Akasoma: "Baada ya kuvuka mpaka na kushusha shehena yake, dereva ataomba kibali cha kuingia Zambia."

Kisha dereva mmoja aliyeketi juu ya tairi akasema, "Mwalimu, hilo lori nipe mimi. Leo siku ya nne niko foleni."

Mtu mwenye busara angecheka na wenzake akaenda zake. Mimi nikaanza kueleza kwamba lori lile ni la kufikirika, kwamba pale hatukuwa tukipima forodha bali ufasaha, na kadiri nilivyoeleza ndivyo madereva wa upande wa pili wa yadi walivyosogea, mmoja wao akiwatafsiria wenzake wa Nakonde kwa Kibemba, hata nikawa nachekwa mara mbili, kwanza na Watanzania, kisha, tafsiri ilipofika, na Wazambia.

Mama Neema akamuuliza Atupele alifikaje kwenye jibu lake.

"Zote mbili zilisomeka vizuri, mama," akasema. "Ndiyo maana nikajiuliza, lori liko wapi."

"Karani aliyeondoka hakujiuliza," Mama Neema akasema. "Barua zake zilikuwa tamu mno, na malori yalikuwa yakirudishwa getini." Akanigeukia. "Alikuwa akijisifu kwamba umemfundisha wewe, mwalimu."

Hapo niliitazama karatasi yangu kwa makini sana, kwa mara ya kwanza tangu niitunge.

Atupele alipewa kazi siku ileile. Juma lililofuata nikampelekea barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, yenye mizani ambayo (nasema bila majivuno) ingemliza mtu. Ilirudi alasiri kwa bodaboda, imepigwa mstari mahali pamoja tu, na pembeni pameandikwa kwa penseli: "Shikamoo, mwalimu. Hapa unanishukuru kwa kukusamehe, lakini radhi unaiomba ukurasa unaofuata."

Nimeapa kutoisifu tena sentensi yoyote kabla sijajua lori liko wapi. Barua nimeiandika upya. Imekuwa fupi sana, na ina "halafu" mbili.