Dada Yangu, Mwanamke Mbaya wa Tamthilia

Dada yangu ni mweusi wa kung'aa, na jua la shamba la mwani limemzidishia. Watu wa tamthilia walipokuja Kilindoni kutoka Dar kutafuta waigizaji wa kisiwani, alikwenda, kwani tangu utotoni alijua kuigiza watu mpaka mama yetu akashika mbavu.

Mwongozaji alimpigia makofi, akampa nafasi ya mwanamke anayenyang'anya waume wa watu. Mke anayeonewa alikuwa binti mweupe, mwenye nywele za singa. Tulifurahi sote.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, tuliitazama kwa mama mkwe wake, ambako dada aliishi na mumewe, nami nikiwa nao. Dada akitokea, kamera huanzia kiunoni. Anacheka, anajipaka mafuta, anamwita mume wa mtu kwa jicho. Mke mweupe ndiye aliyelia, ndiye aliyeomba dua, ndiye aliyekuwa na mama wa kumpigia simu.

Bodaboda wa sokoni wakaanza kumwita dada kwa jina la yule mwanamke. Mmoja alimshika kiuno mchana kweupe. Dada alipomtolea macho, akamjibu, "Kwani si ndivyo ulivyo?" Dada alirudi nyumbani bila samaki, akajifungia chumbani.

Tulimwogopa mama mkwe. Alitazama marudio ya alasiri huku anakuna nazi, mwisho akamwita dada.

"Mwanangu, huyu mwanamke hana mama?"

"Hawakumwandikia, mama."

"Hana mtoto, haswali, hata njaa haoni." Akaweka kifuu chini. "Bibi yangu mimi alikuwa mjakazi. Mwenye nyumba alimstiri mkewe ndani, akamwita bibi yangu chumbani kwake. Kulipokucha bibi ndiye aliyeambiwa ana tamaa, eti weusi ndivyo walivyoumbwa. Angekataa vipi? Leo naiona hadithi ile ile, imevalishwa nguo mpya."

Shemeji yangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Aliinuka, akaenda kukaa karibu na mkewe, mbele yetu sote, jambo ambalo si kawaida yake.

Watu wa tamthilia waliporudi kurekodi sehemu ya pili, dada alimwomba mwongozaji kitu kimoja tu: mwanamke yule afiwe na mama yake, tumwone akilia. Nilikuwepo. Mwongozaji hakuwa mtu mbaya, alifikiri kweli kabla ya kujibu.

"Nikikupa kilio, dada yangu, watakuhurumia. Sasa huyu mke atabaki na nini?"

"Atabaki na mumewe," dada akasema. "Mimi basi."

Aliumia kuiacha ile kazi, maana aliipenda. Walimtafuta binti mwingine kutoka Kilwa, mweusi kama yeye, wakampangia chumba cha wageni karibu na bandari. Haikuchukua muda tukasikia kwamba wanaume wanamgongea mlango. Dada alitandika kitanda cha wageni, akaenda kumchukua.

Binti yule alisita mlangoni, mkoba mkononi. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyechukua nafasi ya mkweo."

"Marahaba. Najua," mama mkwe akamjibu. "Umekula?"

Alikaa nasi mpaka walipomaliza kurekodi. Jioni dada alimfundisha maneno yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuyakariri yote kabla ya kuacha.