Kofia Niliyonyang'anywa Siku ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijashika hata spana, nilinyang'anywa kofia. Ilikuwa kofia ya pama, rangi ya kahawia, na ndicho kitu pekee cha maana ambacho marehemu baba alirudi nacho Malawi kutoka machimbo ya Afrika Kusini. Mimi nilivuka mpaka kuja Tanzania nikiwa nayo kichwani, kijana, natafuta kazi, na hakuna aliyeniuliza karatasi.

Msimamizi wa mtambo wa kuchimba visima aliitwa Fundi Masinga, Mgogo mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinitazama kuanzia miguuni, akanyoosha mkono, akaivua kofia yangu, akaivaa yeye.

"Umetokea wapi?"

"Malawi, bwana."

"Ukapita njia gani?"

"Mbeya, halafu Iringa."

"Iringa ulilala?"

"Siku mbili."

"Basi wewe Mhehe! Na Mhehe ni mtani wangu, hana cha kunidai. Karani, andika: Yotamu Gondwe, Mhehe, kazaliwa Iringa."

Karani alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Lakini aliandika.

Mimi ni Mtumbuka. Kwetu kutaniana ni kwa mashemeji na mabinamu, basi. Mambo ya kabila zima kutaniana na kabila zima sikuwahi kuyaona, kwa hiyo niliona nimeibiwa mchana kweupe na watu wanashangilia. Jioni nilifunga kifurushi changu niondoke. Mpishi wa kambi ndiye aliyenizuia. "We mgeni vipi? Angekuchukia angekupa shikamoo na kukufukuza. Kaa." Nikakaa, ila kuelewa sikuelewa. Na msinicheke, wajukuu zangu, maana hata leo sehemu fulani bado zinanipita.

Kazi yenyewe niliipenda. Siku hizi mnafungua bomba maji yanatoka, mnadhani yalizaliwa humo. Sisi tulisimamisha mnara, tukafunga rodi, yaani vyuma virefu vinavyoungwa kimoja baada ya kingine, na mwisho wake biti, chuma chenye meno cha kusaga mwamba. Kompresa inapuliza hewa chini, vumbi la mwamba linapanda juu. Kila mita moja unachota hilo vumbi, unalimwaga chini kwa mstari, kichuguu kimoja kimoja. Hiyo ndiyo sampuli. Ukitembea kando ya vile vichuguu unasoma ardhi: hapa udongo mwekundu, hapa mwamba uliooza, hapa mwamba mgumu usio na kitu. Baada ya miaka mitatu tu nilikuwa naisoma ardhi kuliko karani alivyosoma daftari lake.

Kituo changu cha pili kilikuwa Busi, Kondoa. Tulichimba visima viwili vikavu mfululizo, Mhandisi wa Wilaya akaja na gari lake akiwa amenuna. "Gondwe, hiki kichuguu cha mita arobaini umekiona?" Nikasema nimekiona. "Kina chembe zinazong'aa na zenye kutu. Maji yalipita hapa. Mbona mmehama?" Nikamwambia niliona, ila sikutaka kumbishia Fundi Masinga. "Adabu yako itatuua kwa kiu," akasema. Tukarudi pale, tukaongeza mita kumi na tano, maji yakaruka juu ya mnara, na akina mama wakapiga vigelegele.

Siku hiyo mzee mmoja wa Kirangi, mwenye kanzu iliyolowa yote, alinishika mkono akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Mhehe wa Iringa." Wallahi sikupanga. Masinga alikuwa mbali, hakuna aliyenilazimisha. Usiku ule nilijaribu kukumbuka jina la kijito nilichooga utotoni, likagoma kuja.

Basi miaka ikaenda hivyo. Nilimuoa Leya, Mgogo wa Chang'ombe, tukazaa watatu, wote wakijigonga kidole wanalia kwa Kigogo. Mimi pia. Asubuhi naamkia watu "mbukwenyi" kama niliyezaliwa nayo. Masinga naye hakuacha. Alichukua nyama kwenye sahani yangu, akachukua koti langu la mvua, akanitambulisha kwa kila bosi mpya kama Mhehe wake. Kofia aliivaa miaka michache, halafu sikuiona tena. Ilinichoma moyo, maana ilikuwa ya baba. Lakini sikuidai hata siku moja. Nilidhani uungwana wa mgeni ni kunyamaza.

Nilistaafu nikiwa fundi mkuu wa mtambo, kisima changu cha mwisho kikiwa Msalato. Nikaenda kuomba kitambulisho. Afisa alikuwa kijana mwenye heshima zake, alinipa shikamoo kabla ya kukaa.

"Mzee, hapa kwenye karatasi za kazi umezaliwa Iringa. Kijiji gani?"

Nikajifanya natafuta miwani mfukoni.

"Baba yako amezikwa wapi?"

Nikainuka. Nikasema nitarudi.

Nyumbani nilimwambia Leya nini kimetokea. Yeye miguu imeshaanza kumsumbua, hatoki bila kushikwa mkono. Akasema, "Kaseme kweli." Nikamuuliza, "Na wakisema nirudi kwetu? Kwetu ni kwa nani? Mama hayupo, kaka hayupo. Nani atakushika mkono hapa?" Akaendelea kuchambua mlenda. Nilishikwa na woga ambao haujawahi kunishika hata mnara ulipotaka kutuangukia.

Niliandika barua ya kweli yote, nikaomba uraia, mwenyekiti wa mtaa akaisoma na kuigonga muhuri. Afisa akataka shahidi anayejua hiyo Iringa iliingiaje. Aliyebaki hai ni mmoja tu. Masinga, mzee sasa, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Jumatatu nakuja, Mhehe. Nitawaambia ulikuwa unalia."

Ijumaa alifariki.

Tulimzika Jumapili kwake Msalato. Nilisimama nyuma kabisa, nimeinamisha kichwa, namlilia rafiki yangu na kujililia mwenyewe. Jeneza lilipofika kaburini, mjane wake, Bi Yudita, akainua uso na kuuliza kwa sauti, "Wahehe wako wapi? Mume wangu atazikwaje kimya kama mtu asiye na watani?"

Watu wakageuka kunitazama. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, yule aliyegonga muhuri kwenye barua inayosema mimi si Mhehe. Nikisogea, nimekuwa mwongo mbele yake. Nisiposogea, Masinga anazikwa kinyonge. Sijui ni lini miguu iliamua, ninachojua ni kwamba nilijikuta nimeshuka ndani ya kaburi, na suruali yangu nzuri, nimekaa chini kwenye udongo mwekundu.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Huyu ni mwizi! Siku ya kwanza kazini aliniibia kofia ya baba yangu! Airudishe kwanza, ndipo nitoke!"

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, huku wanalia. Nilidhani Bi Yudita atanirushia kanga au jembe ili nitoke, kama ilivyo desturi ya watani msibani. Badala yake aliingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake kofia ya pama, imepigwa brashi.

"Ameitunza tangu enzi hizo," akaniambia akiwa amechuchumaa ukingoni. "Kila mwaka aliuliza, huyu Mhehe ataidai lini? Mtani gani haibi, hadai, hatukani? Alisema, siku akiidai mbele za watu, mpe. Alingoja mpaka amechoka, shemeji."

Nililia mle kaburini kwa sauti. Miaka yote hiyo nilijiona mstaarabu, kumbe mwenzangu alikuwa ananifungulia mlango na mimi nimesimama nje napangusa miguu.

Jumatatu Bi Yudita alikuja kutoa ushahidi badala ya mumewe, na kilemba chake cheusi. Alieleza kila kitu. Afisa akachukua fomu mpya.

"Kabila, mzee?"

"Mtumbuka," nikasema.

Bi Yudita akakohoa. "Ni Mhehe wetu huyo," akamwambia, "lakini we andika anavyosema mwenyewe."

Kijana wa watu akabaki na kalamu hewani, anatutazama kwa zamu. Kisha akaandika, akatuambia tusubiri.

Majibu hayajatoka. Kila asubuhi namshika Leya mkono tunatoka barazani, navaa kofia. Haikai sawa. Baba alikuwa na kichwa kama changu, ila Masinga alikuwa na kichwa kikubwa na ameitanua, sasa inanishuka mpaka kwenye nyusi. Leya anasema nipeleke kwa fundi ikapunguzwe. Nimemwambia aiache hivyohivyo.