Siku Niliyomlinda Baba Baa kwa Baa

Harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaoanza kuchachuka hainitii kiu. Hunitia wasiwasi wa miguu. Nikiisikia popote, hata kama nimekaa vizuri na watu wangu, naanza kutikisa goti, kisha nasimama, kisha naangalia mlango uko wapi. Mume wangu hunicheka. Ninyi nitawaambia sababu, ila msijiunge naye kunicheka.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Makambako, kule ambako upepo hauna adabu, humvua mtu kofia huku akimsalimia mkwewe. Baba alikuwa fundi pikipiki, na juu ya hayo alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu ya mji wetu. Cheo hicho hakikuwa na mshahara wala kiti. Kilikuwa na kazi moja tu: timu ikicheza ugenini, mwenyekiti hutangulia asubuhi kutafuta baa karibu na uwanja, mahali ambapo mashabiki watafikia, wale, wanywe, waimbe na wasipigwe.

Shida ni kwamba Baba alikuwa ameacha pombe tangu Pasaka. Zamani alikunywa mpaka kuokotwa mtaroni alfajiri, amelowa umande. Mama, binti wa mzee wa kanisa kule Ilembula, alimwambia siku moja bila kupandisha sauti: ukirudi tena umelewa, hutanikuta. Mama hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno. Alikuwa amekwisha kukunja nguo zake na zangu na kuzifunga kwa kanga, na zilikaa hivyo juu ya kabati, nami niliziona kila nilipoamka.

Basi timu yetu ilipopangiwa kucheza Njombe, Mama aliniita jikoni, akanivika sweta mbili, akaniambia, "Eliza, utakwenda na baba yako. Usimwache hata akienda chooni. Ukiona ananyoosha mkono kwenye kikombe, lia kwa sauti."

Nilijiona askari. Ndani ya basi nilimkazia macho mpaka yakaniuma.

Njombe ilitupokea kwa ukungu na manyunyu, ile baridi inayoingia kwenye kucha. Tukaanza kazi. Grosari ya kwanza ilikuwa jirani kabisa na geti la uwanja. Mwenye nayo alisikia neno Makambako akaweka kitambaa chini. "Mkifungwa mtavunja viti vyangu," alisema. "Mkishinda, watavivunja wateja wangu. Mwenyekiti, mimi nina viti kumi na viwili tu duniani." Baba alicheka, akaaga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu hatua kati ya mkono wake na kaunta.

Ya pili ilikuwa baa kubwa mtaa wa Ramadhani, yenye muziki wa kutetemesha madirisha na nyama ya kitimoto ikikaangwa uani. Nilitamani tubaki. Baba aliingia kukagua choo, maana alikuwa na msemo wake: "Baa haipimwi kwa bia, hupimwa kwa choo." Nilisimama mlangoni pa choo hicho kama nguzo, wanaume wakinipita wakiniuliza nimepotea au vipi. Baba alipotoka alitikisa kichwa. Choo kimoja, mashabiki sitini, haiwezekani.

Ya tatu sitaisahau. Tulipoingia tu, mzee mmoja alisimama kwenye meza ya pembeni akapanua mikono. "Jamani! Mzee wa Kreti!" Watu wakageuka. Ndipo nilipojua kwamba Baba alikuwa na jina jingine Njombe, na kwamba alilipata kwa kumaliza kreti nzima ya bia. Yule mzee tayari alikuwa anamvutia kiti, anaita chupa. Nilivuta pumzi ili nilie kama nilivyoagizwa. Lakini Baba alinishika mkono akanitoa nje haraka hata ndala yangu moja ikabaki mlangoni, ikabidi nirudi kuichukua. Barabarani aligeuka mara mbili kuutazama ule mlango. Nikasema moyoni, anataka. Huyu anataka. Nilimchukia kidogo.

Saa sita ilikaribia, na simu yake ya tochi haikukoma kuita: kosta mbili za mashabiki zimefika hapa, zimepita pale, watu wana njaa. Tulizunguka bila kupumzika, yeye mbele, mimi nyuma nikikimbia vihatua. Mwishowe, nyuma ya uwanja, tukapata kilabu cha mama mmoja aliyeitwa Mama Tuma. Uzio wa mianzi, mabenchi ya mabanzi, moto unawaka katikati, vyoo viwili safi. Mama Tuma alikuwa mnene, mpole, na madumu yake ya ulanzi yalipangwa ukutani. Baba aliangalia kila kitu isipokuwa madumu hayo. "Hapa," akasema.

Mashabiki walishuka na ngoma na vuvuzela, wakajaa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa jambo ambalo mimi na Mama tulilisahau kabisa. Kwetu, pombe ya kilabuni hainywewi hivihivi na mgeni. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya watu, waone haina sumu. Kisha kikombe hichohicho hupewa mkubwa wa wageni, naye huonja kwa niaba ya watu wake. Baada ya hapo ndipo wengine hunywa.

Mama Tuma alijaza kikombe, akapiga goti kidogo, akatusalimia kikwetu. "Kamwene, wageni." Akaonja. Akampa Baba.

Baba alikipokea. Ndiyo, alikipokea, kwa mikono miwili. Nilifungua mdomo kulia na sauti haikutoka. Kilabu chote kilimsubiri.

"Katibu," akasema, "pokea wewe uonje."

Katibu wa mashabiki, fundi cherehani mwenye sauti nene, alidhani ni utani. "Mkubwa ni wewe, Mwenyekiti. Onja, watu wana kiu."

Baba hakuonja. Babu mmoja kwenye benchi la nyuma akasema taratibu, "Mkubwa akikataa kikombe, ameona nini humo ndani?" Nikaona vikombe vinarudishwa chini, kimoja baada ya kingine. Mama Tuma alisimama pale mikono ikining'inia. Mtu akiambiwa pombe yake imekataliwa na wageni, habari hiyo hufika sokoni kabla yake.

Baba akageuka akamtazama yule mama, kisha watu. "Pombe ya mama huyu ni safi," akasema kwa sauti. "Mbovu ni mimi. Nikionja hiki nitamaliza dumu, na huyu mtoto atanikokota mpaka nyumbani. Ameshanikokota. Mnadhani sikumbuki, nakumbuka."

Watu wengine walicheka, wengine wakainama. Mwenyekiti wa mashabiki asiyekunywa! Katibu alionja, vikombe vikainuka, kelele zikarudi. Mama Tuma alimletea Baba chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, akamwekea mbele yake.

Ninyi mtadhani nilijivuna. Nataka niseme kweli: niliona aibu. Siri ile, kwamba alfajiri moja Mama akiwa amelala nilimtoa mtaroni na kumkokota mpaka mlangoni, niliitunza hata Mama asiijue, naye ameitangaza mbele ya watu sitini. Mpira wenyewe siukumbuki. Tulifungwa. Njiani kurudi nilimnusa mdomo alipokuwa amesinzia, nikanusa tena tulipopita kila kituo, na nyumbani nilitoa taarifa kama askari.

Mwaka jana nilikwenda kuwasalimia. Tukichambua maharage na Mama, nilimwambia kwamba kama asingenituma siku ile, sijui tungekuwa wapi.

"Nikutume mimi?" Mama alishangaa. "Mimi nilikataa. Mtoto wa kike, baa za nini? Ni yeye aliyeniomba usiku kucha. Alisema, 'Nipe Eliza, mbele yake sitaweza kunywa.' Hata yale maneno ya chooni na ya kulia ni yake, alinifundisha nikwambie."

Maharage yalinishinda. Kumbe siku nzima ile alijua kwa nini nimesimama mlangoni. Alipotoka haraka kwenye ile baa ya tatu, alinishika mkono mimi, na mimi nilidhani ananiburuta, kumbe amejishikilia kwangu. Nilimtazama kama mwizi, naye ndiye aliyeniajiri.

Baba alikuwa nje, amechuchumaa, anakaza mnyororo wa pikipiki ya mtu. Nilitoka nikasimama karibu naye. Akaniuliza kama kuna kitu nataka.

"Hapana, Baba," nikamwambia. "Nimekuja kusimama tu."